Mama Maria Alipovishwa

Siku hizi nikipita mtaa wa maduka ya vitambaa huwa navuka upande wa pili. Si kwamba sipendi nguo, waulizeni wanangu. Ni ile harufu ya jora jipya linapofunguliwa, harufu ya wanga na rangi na vumbi la ghalani, ambayo hunivusha barabara kabla hata sijakumbuka kwa nini. Na kama kitambaa chenyewe ni cha zambarau, ndio kabisa, miguu hujiondokea yenyewe. Wenye maduka hudhani nimekimbia bei.

Wenzangu mliokunywa maziwa ya shule ya pakiti za pembe tatu mtakumbuka tulivyokuwa hatuelezwi kitu. Mtu mzima akiugua, hukuambiwa anaugua nini. Akizaliwa mtoto, ameletwa. Akifa mtu, amesafiri. Tuliachwa tuokote habari wenyewe, vipande vipande, tuvishone tujuavyo. Mimi nilishona vibaya sana, na vazi nililolishona nikalivaa muda mrefu.

Mwaka ule ndio kwanza nilikuwa nimeletwa Muyeye, mjini, kukaa na wazazi. Kabla ya hapo nililelewa na Hawe, mama yake baba, huko mashambani nyuma ya Malindi. Mimi ndiye niliyepewa jina lake, Kadzo, na ilionekana ni haki yake akae na somo yake mpaka nifikie umri wa kusoma. Hawe hakuwa Mkristo wala Mwislamu. Alikuwa na Mulungu wake juu na koma zake uani. Koma ni wafu wa ukoo, na pale kwetu walikuwa wamesimamishiwa vigingi vya mti mgumu karibu na nyumba, kila kigingi na mtu wake. Babu alipofariki alinyamaza kwa kitambo, kisha akamjia Hawe ndotoni akilalamika baridi. Hawe hakungoja. Alimchongeshea kigingi, akakivisha vitambaa, akakimwagia tembo la mnazi na kukinyunyizia unga, akazungumza nacho taratibu kama mtu anayembembeleza mgonjwa ale.

Nilikuwapo siku ile, nimeshika kifuu cha tembo. Niliyofundishwa pale niliyashika kuliko hesabu zote za shuleni. Koma havishwi bila kupewa kinywaji. Koma hataniwi. Na koma akikasirika hamfuati mwenye nguvu zake. Humshika aliye dhaifu, mtoto mdogo au mwanamke mwenye mimba.

Baba na Mama walikuwa Wakatoliki, nami nilibatizwa nikiwa mchanga, lakini kanisa nilikuwa silijui. Nilipoletwa mjini niliandikishwa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza kwa Mwalimu Karisa, katekista wetu, mtu mrefu mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Alitusomesha amri na sala, nasi tukaimba nyuma yake. Nilimwogopa, lakini kwa namna ya kawaida, kama mtoto anavyomwogopa yeyote mwenye fimbo. Kanisa lenyewe nililipenda. Lilikuwa na baridi nzuri mchana, na harufu ya nta na ubani na popo, na upande wa kushoto alisimama Mama Maria, shela lake la buluu, mikono ameifungua kama anayesema karibuni. Kila tukitoka darasani nilimpitia nikamtazama uso. Alikuwa mzuri, na alikuwa hanigombezi.

Mama alikuwa mshonaji. Alikuwa na cherehani ya mkono, na kila kazi ya sindano ya parokia ilimwangukia yeye. Kwaresima ilipokuwa katikati, akiwa na mimba kubwa ya mtoto tuliyekuwa tukimngoja, alinichukua mchana mmoja twende kanisani kuchukua vipimo. Nilidhani ni vipimo vya Padre. Kumbe alikwenda moja kwa moja kwa Mama Maria, akavuta benchi, akapanda.

"Shika hapa chini, usiachilie," akaniambia, akinipa ncha ya futi.

"Mama, twamshonea nguo?"

"Ya Kwaresima. Zile za zamani zimeliwa na panya."

Nikaishika ncha pale penye mguu wa Maria unaomkanyaga nyoka. Juu yangu tumbo la Mama lilikuwa limegusana na la sanamu. Akaizungusha futi kiunoni, akasoma, akacheka peke yake. "Mama Maria, mbona umenenepa hivi mwaka huu? Ama na wewe wangoja mtoto kama mimi?"

Mama alikuwa mtu wa utani, aliwatania hata wauza samaki wakampunguzia. Mimi nikacheka pia. Nataka mjue hilo, kwamba nilicheka.

Nyumbani alikunjua jora la zambarau sakafuni, chumba kizima kikanuka upya. Alikata, akashona, na mimi nikizungusha mkono wa cherehani. Nguo zilikuwa za ajabu. Hazikuwa na mikono, hazikuwa na shingo.

"Watatolea wapi vichwa?" niliuliza.

"Hawatoi vichwa," alijibu, pini ziko mdomoni.

Uzi wa zambarau ukaisha katikati ya nguo ya Maria, na duka lilikuwa limefungwa, akamalizia kwa uzi mweupe. Alisema Mama Maria hana maringo, hatajali. Jioni hiyo miguu yake ilikuwa imevimba, na asubuhi yake, Jumamosi, alishindwa kuamka. Alisema kichwa kinampasuka na kwamba anaona vitu vinametameta machoni. Wanawake wa jirani waliingia, wakatoka, wakasemezana mlangoni wakinitazama. Baba alikuwa akifanya kazi ya udobi katika hoteli moja ya ufuoni. Akaja na gari la hoteli, wakambeba Mama kumpeleka hospitali. Mmoja wa wale wanawake alichukua nguo za zambarau zilizokuwa zimekunjwa juu ya cherehani, akasema atazifikisha kanisani. Mimi niliambiwa Mama amelazwa, tena nikaambiwa niende nikacheze.

Kesho yake nilipelekwa misa na jirani yule yule. Nikaingia, nikageuka kushoto kama kawaida yangu, kumtazama Mama Maria.

Hakuwapo. Mahali pake palisimama kitu kirefu cha zambarau, hakina uso, hakina mikono. Yosefu upande wa pili naye alikuwa hivyo hivyo. Msalaba mkubwa wa mbele nao umefungwa. Kila nilipotupa macho palikuwa na kitu kimesimama kimevishwa, hakinitazami lakini kimenielekea. Na kwenye kile cha kushoto niliuona mshono mweupe wa Mama, umepinda kidogo pale chini.

Nyinyi mnajua, na mimi leo najua, kwamba ni desturi tu ya siku za mwisho za Kwaresima, kufunika sanamu mpaka Pasaka. Mimi wa siku ile nilijua jambo moja tu kuhusu vitu vya kusimama vinavyovishwa vitambaa. Nilijua ni koma. Nilijua kwamba Mama Maria amefariki, amemjia mtu ndotoni akalia baridi, na wamemvisha. Nikatafuta kwa macho kifuu, nikatafuta unga sakafuni, nikatafuta dalili ya tone la tembo. Sakafu ilikuwa kavu, imepigwa deki. Wamemvisha bila kumpa kitu. Na aliyemvisha ni Mama, baada ya kumwambia amenenepa.

Sikumbuki misa. Nakumbuka mkojo ulinitoka kidogo na nikaukalia. Watu walipotoka nilimfuata Mwalimu Karisa, maana sikuwa na mwingine.

"Mwalimu, Mama Maria amekufa?"

Alikuwa na haraka, anapanga mabenchi. "Hizi ni siku za mateso na kifo, Kadzo. Si siku za maswali. Omba."

"Na wataondolewa lini zile nguo?"

"Pasaka, Mungu akitufikisha."

Maneno hayo watu huyasema kila siku, hata kwa habari ya kesho asubuhi. Lakini mimi niliyasikia kama yalivyo, kwamba kuna ambao hawatafika, na nilijua ni nani.

Hawe alifika Jumatatu kwa basi, kuja kuniangalia. Alikuja na muhogo, na chupa ya soda iliyojaa tembo, imezibwa kwa gunzi la mhindi. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimeshamng'ang'ania nguo. Nilimweleza yote, futi na utani na uzi mweupe na sakafu kavu. Alinisikiliza mpaka mwisho, na jambo lililonitisha zaidi ni kwamba hakucheka.

"Huyo Maria ni wa ukoo gani?" aliuliza.

"Wa Padre."

"Basi Padre ndiye wa kummwagia tembo. Mtu hasemi na koma za watu, mudzukulu wangu. Hazimjui."

"Lakini Mama walimbatiza! Walimpa jina la kwao."

Hawe akatafuna muhogo. Alimpenda Mama, ingawa kubatizwa kwake na kwa mwanawe hakukuwahi kumwingia akilini. Baadaye akasema polepole, "Kama mamako ameingia nyumba yao, na yeye ni mke wa mwanangu, basi mimi ni mkwe wao. Mkwe husikizwa."

Kesho yake mchana, jua likiwa kali na mji umelala, tulikwenda. Hawe hakuwahi kuingia kanisani maishani mwake. Alivua viatu mlangoni, akajifunga leso vizuri, akaingia akiwa ameinama kama anaingia nyumba ya ukweni. Nilimwongoza mpaka kwa Maria. Alikitazama kile kitu cha zambarau toka juu hadi chini.

"Wamemvisha vizuri," alinong'ona. "Mamako ana mkono."

Nilikuwa nimebeba kifuu na unga kidogo kwenye kikaratasi. Alizibua chupa, harufu ya tembo ikapanda juu ya ile ya nta. Akachuchumaa, akamwaga kidogo pale penye ule mguu, nami nikanyunyiza unga. Kisha akasema naye, kwa Kigiriama, sauti ya chini. Alisema yeye ni mwanamke mzee wa mashambani asiye na haja ya ugomvi. Alisema huyo aliyetania ni mtoto, hakufunzwa, na kosa ni lake yeye mkwewe aliyekaa mbali. Alisema, wewe nawe nasikia ulizaa, wajua ilivyo. Tuachie wetu. Nilifumba macho. Nilikuwa na hakika nikiyafumbua kile kitambaa kitatikisika, na sikujua kikitikisika ni kwa heri au kwa shari.

"Nini hiki?"

Mwalimu Karisa alikuwa mlangoni mwa sakristia. Alitukaribia akitazama sakafu, tembo linatambaa kuelekea mabenchi na unga umeganda ndani yake.

"Mayo, nini hiki?" Alimwita mayo, mama, kwa heshima ya Kigiriama, hata kwa hasira ile. "Mwamwaga pombe mbele ya Mama wa Mungu?"

"Mwanangu, weye u mwana wa nani?" Hawe aliuliza, akiwa bado amechuchumaa.

Alitaja jina la baba yake. Mtu wa kwetu akiulizwa hivyo na mzee, hujibu, hana namna.

"Babayo nilimjua. Umemsimamishia kigingi?"

Mwalimu aliondoa macho kwa Hawe upesi. Mimi niliona ni hasira; leo nadhani alikuwa na vitu vyake vya kuogopa. Alinigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mdogo. Alisema Pasaka hii nisitarajie Komunyo. Alisema mama yangu anaombewa katika jumuiya zote, watu wako magotini kwa ajili yake, na mimi naleta mashetani mpaka ndani ya nyumba ya Mungu.

"Sasa mamako akifa," alisema, "mtasema ni nani amemuua?"

Hawe alinishika mkono akanitoa nje. Njia nzima hakusema neno. Nilingoja aseme mwalimu ni mwongo, kwamba tembo limekubaliwa, kwamba Mama atapona. Alikuwa amechoka, jua lilikuwa kali, na pengine alidhani mtoto hasikii maneno ya watu wazima. Mimi nilikuwa nimeyasikia yote.

Hofu ya siku zilizofuata sina namna ya kuieleza ila kwa kusema ilikuwa kila mahali. Ilikuwa ndani ya uji, nikashindwa kuumeza. Ilikuwa kwenye cherehani, nikaifunika kwa gunia, nikaona imekuwa kama wale, nikaifunua tena. Kwanza nilikuwa nimeogopa koma mmoja aliyetaniwa. Sasa walikuwa wawili wamekasirika, Mama Maria kwa kutaniwa na Mungu kwa tembo, na katikati yao mimi ndiye niliyechokoza wote. Sikuthubutu kusali, maana sikujua nikifungua mdomo nani atasikia. Usiku nililala nimejibana mgongoni kwa Hawe, na Hawe alikoroma.

Alhamisi Baba alikuja mchana, saa ambayo si yake. Alisimama uani na Hawe wakazungumza kwa sauti ndogo. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilisikia kwamba mtoto alikuwa wa kiume na kwamba hakulia. Nilisikia kwamba Baba anampeleka mashambani kuzikwa. Kisha Hawe akauliza, "Na mama mwenyewe?" na Baba akasema, "Bado hatujui," akaondoka.

Basi nikajua wameanza na mdogo. Kile nilichofundishwa kilikuwa kinatimia kwa mpango wake, dhaifu kwanza. Nilikaa pale nyuma ya mlango mpaka Hawe akanitafuta kwa kuniita jina, jina letu sisi wawili, na sikuweza kuitika.

Mama alirudi Jumapili ya Matawi. Nilisikia gari la hoteli likisimama, na mbali kidogo, huko barabara kuu, waumini wakipita na makuti mabichi wakiimba hosana. Nilitakiwa kukimbia mlangoni. Badala yake niliingia chini ya kitanda mpaka ukutani kabisa. Niliona miguu ya Baba ikiingia, na ya Hawe, na katikati yao miguu ya Mama, ambayo ilikuwa imenywea, na inakanyaga kana kwamba sakafu ni ya moto.

Wakamlaza. Wakatoka.

"Kadzo," Mama aliita. "Najua uko wapi. Toka nikuone."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

Nikajibana ukutani. Nikasikia kitanda kinalia, nikaiona mikono yake ikishika ukingo, na Mama akashuka mwenyewe, kidogo kidogo, huku akivuta pumzi kwa meno, akalala ubavu kwenye mkeka. Uso wake ukawa sawa na wangu. Alikuwa amekonda mpaka macho yamekuwa makubwa.

"Mimi ndiye niliyemuua mtoto," nikamwambia.

Nikamweleza. Nilieleza haraka ili yaishe kabla hajakasirika. Nilipofika kwenye maneno ya Mwalimu Karisa aliniuliza, "Alikwambia hivyo? Kwa kinywa chake?" Nikasema ndiyo. "Nitazungumza naye," alisema, na nawaambia alizungumza naye, maana Pasaka nilipokea Komunyo na mwalimu hakuniangalia usoni. Lakini hayo ni ya baadaye. Pale kwenye mkeka Mama alikuwa anafikiri.

"Sikiza. Nitakwambia kitu, na usimwambie Hawe wala mwalimu."

"Simwambii."

"Kule hospitali, mambo yalipoharibika, nilimwita Mama Maria. Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Nikaona kimya. Basi nikawaita wa kwenu. Nilianza na babuyo, nikawaita wote niliosikia Hawe akiwataja. Kisha nikawaita wa kwetu. Nikamwita mamangu, na mamangu alikufa sijaolewa."

Hili ndilo nililotaka kujua siku zote zile. "Nani alikuja?"

"Nesi."

"Nesi gani?"

"Mmoja mfupi, simjui jina. Alinishika mkono akaniambia nisilale. Kila nikitaka kulala ananiambia, mama, usilale."

Nikafikiri. "Alikuwa Mkatoliki?"

"Sikumuuliza," Mama alisema, na hapo akaanza kucheka, akashika tumbo kwa maumivu, na kicheko kikamgeukia kikawa kilio, akajiziba mdomo kwa leso ili wa nje wasisikie. Machozi yalimtiririka kwa upande, yakaingia sikioni. Sikuwahi kumwona hivyo. Nikadhani sasa ndio anakufa.

"Niliogopa, Kadzo," alisema. "Niliogopa sana. Hata sasa naogopa."

Mtu mzima hakuwahi kuniambia neno hilo, si Mwalimu Karisa, si Hawe, wala Padre mimbarini. Nikatambaa kutoka ukutani, vumbi limenijaa magotini, nikamfikia. Macho yake yalikuwa yanajifumba. Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikamwambia, Mama, usilale.